Tupeane uzoefu: tuliobaki baada ya familia kutoweka na kupatikana wameuawa

Binti wa Njoro:
Hamjambo wote. Nimesoma humu kwa muda mrefu bila kuandika neno. Leo nawaomba waliopitia haya, au waliolea mtu aliyepitia, tupeane uzoefu. Wenye maoni ya kesi za kwenye runinga tu, naomba mtupishe kidogo.

Nilibaki peke yangu. Baba, mama na kakangu mdogo walitoweka nyumbani upande wa Njoro nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Niliporudi likizo fupi nilikuta lango lina kufuli lisilo letu. Jirani alinisaidia kuruka ua. Jikoni kulikuwa na sufuria ya maharagwe ambayo mama aliloweka apike kesho yake. Yalikuwa yamevunda mpaka povu likamwagika mezani na kukaukia pale. Mpaka leo harufu ya maharagwe yaliyochacha ikinifikia, hata nikiwa hotelini na wenzangu wa kazini, lazima nitoke nje.

Kituoni niliambiwa labda wamesafiri, labda wamekimbia madeni. Walipatikana wiki kadhaa baadaye kwenye shimo la choo cha zamani, shamba la mtu aliyekuwa akigombania mpaka na baba. Mtu huyo alikuwa ametafuta pamoja nasi. Alichanga hata pesa ya mafuta ya gari. Hilo ndilo lililonivuruga kuliko mazishi yenyewe, kwamba nilimwambia asante.

Watu wawili walihukumiwa kunyongwa. Oktoba 2016 Rais Kenyatta alipobadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 2,700 ziwe kifungo cha maisha, nao wakawamo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikasema si halali jaji kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua, na wafungwa wengi wakaanza kuomba wahukumiwe upya. Sasa mmoja wao ameomba. Nimepigiwa simu na afisa wa probesheni, anataka kujua "familia inasemaje". Familia ni mimi.

Maswali yangu: mlifanyaje mkaweza kuishi? Na kama kuna aliyeitwa hivi, alisema nini?

Kopsiro Juu:
Pole dada. Yangu ni tofauti kidogo kwa sababu wewe una makaburi.

Mimi ni wa Mlima Elgon. Wanamgambo wa SLDF (Sabaot Land Defence Force) walianza kututesa mwaka 2006 kwa sababu ya mashamba, na Machi 2008 jeshi likaletwa kuwamaliza, Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walichukuliwa na pande zote mbili. Wengine walichukuliwa usiku na vijana wa msituni, wengine mchana na lori za serikali. Kwetu walichukuliwa baba na kaka zangu wawili. Mpaka leo hatujaonyeshwa mwili wala kaburi, na hakuna karatasi.

Watu hufikiri shida ya aliyepotelewa ni machozi. Shida ni chifu. Mama hakuhesabiwa mke wala mjane. Shamba lina jina la baba, na huwezi kufanya mirathi bila cheti cha kifo, wala huwezi kupewa cheti bila mwili au amri ya mahakama. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia, anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa. Kwa hiyo miaka saba ilipopita tulitafuta wakili. Mama akakataa kutia sahihi. Alisema, "Mnataka nimuue mimi ambaye sikumuua?"

Hatukumlazimisha. Kilichombadilisha ni wanawake wenzake. Kuna kikundi cha wake za waliopotea, walianza kama chama cha kuweka akiba, mia moja mia moja, wakikutana kanisani baada ya ibada. Huko hakuna aliyemwambia mwenzake asahau. Kila mmoja alikuwa akitaja jina la mumewe kabla ya kutoa mchango wake, basi. Siku moja mama alirudi akasema yuko tayari kwenda kwa wakili, na njiani akanunua mbegu za viazi. Kwa kweli sikujua niseme nini.

Uzoefu wangu: tafuta watu wa msiba kama wako. Ndugu wa damu hawatoshi, wao nao wanaumia na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza.

Mtumishi wa Bwana Kisumu:
Dada, samehe tu uachilie. Ukimshikilia huyo mtu moyoni ni wewe unayefungwa. Mwambie afisa umesamehe, aende zake, nawe utapona.

Binti wa Njoro:
@Mtumishi nashukuru. Lakini nimeambiwa hivyo tangu siku ya matanga, kabla hata ya udongo kukauka, na waliokuwa wakisema walirudi kwao jioni wakapata chakula kimepikwa na mtu waliyemzoea. Kusamehe nitajua mwenyewe. Hapa nauliza kuhusu mahakama.

Ja-Gem:
Ongea dada!

Mimi ni wa Siaya. Mjomba alitoka Kisumu akitumia pikipiki, hakufika. Januari 2022 ndipo habari za miili ya Mto Yala zilipotoka, zaidi ya 20 iliyokuwa imetolewa majini kwa nyakati tofauti na kulazwa chumba cha maiti cha hospitali ya Yala bila wenyewe. Watu walikuja kutoka kila pembe ya Kenya. Mimi na binamu tulipanga foleni na watu wa Garissa, wa Nairobi, kila mtu ameshika picha. Mhudumu alitupa barakoa mbili mbili. Uso huwezi kutambua, kwa hiyo unaangalia meno, kovu, mshipi wa suruali. Mjomba hakuwemo, na nitasema ukweli, nilipotoka nje sikujua kama nifurahi au nilie.

Mwishowe wazee waliamua tuzike yago. Kwa wasiojua, ni lile tunda refu zito la mti wa yago. Mjaluo asiyepatikana mwili, kama aliyezama ziwani, huzikwa kwa tunda hilo. Kaburi lilichimbwa upande wake wa boma, tunda likafungwa kwa sanda, wajane wakakaa kama inavyotakiwa. Mchungaji mmoja alikataa kuombea tunda, mwingine akaja. Nyanya alikuwa hali chakula vizuri tangu mjomba apotee, na jioni ile aliomba samaki.

Sijui kama mila inaponya. Najua watoto wake sasa wana mahali pa kupalilia Desemba.

Fundi wa Mbale:
Sisi Vihiga tulisafiri mpaka Malindi. Dada yangu alifuata yale mahubiri ya kufunga hadi kufa, akauza kila kitu, akaenda msitu wa Shakahola na watoto watatu. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na miili ilipita 400. Nilitolewa mate kwa pamba mdomoni kwa ajili ya DNA, nikaambiwa nitapigiwa simu. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024. Karibu mwaka mzima unalala na simu mkononi, ikiita ni mtu wa mkopo.

Tulipata wawili. Wawili bado.

Kinachoniua ni maneno ya kijijini. Dada akitajwa utasikia "mwiba wa kujidunga hauambiwi pole". Sawa, yeye alikuwa mtu mzima. Na yule wa miaka minne alijidunga wapi? Hata kwa michango watu walisita, eti ni laana. Mimi niliacha kwenda vikao vya ukoo. Kilichonisaidia ni kazi, nachonga milango, na kaunsela mmoja wa hospitali ya kaunti ambaye kikao cha kwanza hakuuliza habari za dini hata kidogo. Aliniuliza watoto walikuwa wanapenda kucheza nini.

Muuguzi Mstaafu:
Nimesoma zote. Niseme kidogo tu la kitaalamu. Binti wa Njoro, hiyo ya harufu si wazimu wala mapepo. Ubongo wa mtu aliyepatwa na mshtuko huhifadhi harufu na sauti pamoja na hofu ya siku ile, na ina matibabu. Shirika la Afya Duniani pia limeitambua huzuni inayokaa zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu kuishi kama ugonjwa wa kutibiwa, imo kwenye orodha yao iliyoanza kutumika 2022. Ukienda, mwambie daktari wazi kwamba unataka mtu anayetibu athari za mshtuko. Kaunsela akikuharakisha usamehe siku ya kwanza, tafuta mwingine.

Mama Wawili Bungoma:
Mimi sikupotelewa, nililea. Mtoto wa marehemu dada yangu alinusurika kwa sababu alilala kwa nyanya yake usiku ule. Wazee walimwambia wazazi wamesafiri Kampala. Kila gari likisimama barabarani mtoto anakimbia langoni. Alikojoa kitandani, akaacha kuongea darasani, mwalimu akadhani ni mzito wa kichwa.

Hapa Bungoma kulikuwa na mradi wa Pamoja Tunaweza kwa watoto yatima wa miaka 7 hadi 13, uliofanyika pia Moshi kule Tanzania. Waliokuwa wakiongoza vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida wa hapa hapa waliofunzwa. Matokeo yalichapishwa 2020, na watoto wa Bungoma walipata nafuu wazi kuliko ambao hawakupitia. Nilichopenda ni kwamba walezi nasi tulifunzwa. Wiki kwa wiki mtoto alisimulia kidogo kidogo yaliyompata, mwanzo kwa kuchora, halafu kwa maneno, mpaka akaweza kusema mbele yangu: mama na baba waliuawa. Niliogopa hilo neno kuliko yeye. Alipolisema, mbio za langoni ziliisha. Si siku hiyo hiyo, lakini ziliisha.

Karani Mstaafu Kakamega:
Nimekaa Mahakama Kuu miaka mingi, nijibu swali la pili ambalo mnalizunguka.

Binti, si lazima useme umesamehe, na si lazima useme anyongwe. Afisa wa probesheni anaandika ripoti, na maoni yako ni sehemu yake tu. Jaji hafungwi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inakupa haki ya kuelezwa kesi ilipofika na ya kutoa maoni yako, wewe mwenyewe au kupitia wakili. Unaweza kuandika nyumbani, polepole, ukampa mwendesha mashtaka. Andika mambo ya kweli: umri wako wakati ule, nani alilipa karo, unalala vipi, harufu ya maharagwe. Nimeona majaji wakisimamisha kalamu kwa sababu ya jambo dogo namna hiyo, kuliko kwa hotuba za "haki itendeke". Na kama unaishi karibu na jamaa za mshtakiwa, sema hilo mapema. Usalama wako unapaswa kuwa kwenye ripoti.

Jambo lingine. Akipunguziwa, asikuambie mtu kwamba ni kwa sababu ya ulichosema au hukusema.

Kopsiro Juu:
Hapo mwisho mzee umesema.

Binti wa Njoro:
Nimewasoma wote usiku kucha. @Karani asante. Nimeanza kuandika. Nimeshindwa kwenye sentensi ya kakangu, kwa sababu sasa angekuwa mkubwa kuliko nilivyokuwa mimi siku ile, nikaacha nafasi hapo. @Mama Wawili, nitakutafuta faraghani kuhusu watu wa kuongoza hivyo vikundi, kuna binti hapa Nakuru wa jirani yangu.

Afisa anakuja Alhamisi. Shangazi alitakiwa kuwa nami lakini presha imempanda, amelazwa. Kuna aliye Nakuru anayeweza tu kukaa sebuleni? Hahitaji kusema lolote.

Msomaji wa Molo:
Huwa sichangii. Wetu walikuwa wa mapigano ya kikabila ya 1992, nitaeleza siku nyingine. Alhamisi sina kazi, nitapanda matatu ya kwanza. Nitumie mahali faraghani. Chai nitakuja na majani yangu, wewe weka maji tu.