Naomba ushauri: nembo ya ukoo ukutani Bargello, Florence

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina picha ya nembo ya ukoo iliyochongwa kwenye ukuta wa ua wa Bargello, Florence, Italia. Jengo lilianza kujengwa 1255, likawa makao ya podestà, mtawala-hakimu aliyeletwa kutoka mji mwingine ili asipendelee wenyeji (mbinu nzuri hiyo!). Tangu 1865 ni makumbusho.

Ngao ina simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, uso umelika. Maandishi ya chini hayasomeki, rangi hakuna. Nimelinganisha na nembo za koo za Florence, sijaambulia kitu.

Je, nihamie koo za miji mingine? Na bila rangi, nitamtofautishaje simba huyu wakati koo kibao zilimtumia?