Paneli ya kufuli za sumaku inajizima mlango ukifunguka

Fundi_Soweto (Mbeya): Wakuu, nina paneli ya kudhibiti milango miwili kwenye hosteli Mwanjelwa. Kufuli za sumaku, nguvu ya kushikilia kilo 280, volti 12. Mlango ulio mita 30 kutoka kwenye paneli ukisukumwa kwa nguvu unaachia. Halafu kila unapofunguliwa paneli inazima na kuwaka. Nimevuta waya wa mtandao, jozi moja kwa kila kufuli.

Mzee wa Saketi: Waya huo ndio ugonjwa. Jozi moja, kwenda na kurudi mita 60, ina kama omu 5. Kufuli inakula ampea 0.5, kwa hiyo volti 2.5 zinapotea njiani. Pima kwenye kufuli yenyewe, siyo kwenye paneli. Vuta waya wa 1.5 mm², upotevu utashuka chini ya volti 0.5. Bamba la chuma la mlangoni, linaloshikwa na sumaku, nalo usilikaze kabisa. Liache licheze kwenye washa ya mpira likae bapa.

Kijana wa Iringa: Kujizima kunatokana na mshtuko wa volti unaorudishwa na koili ya kufuli umeme unapokatwa. Weka dayodi 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na kufuli, mstari wake upande wa chanya. Ukiigeuza unapiga shoti.

Mzee wa Saketi: Sahihi. Kufuli ya sumaku inapita COM na NC (pini za rilei ya paneli: ya pamoja, na ile inayobaki imeunganika hadi paneli iamuru kufungua). Kitufe cha dharura kikate waya wa chanya moja kwa moja, kisitegemee paneli: moto ukitokea, watu lazima watoke.

Fundi_Soweto: Na betri ya 7Ah, umeme ukikatika?

Kijana wa Iringa: Kufuli mbili ni ampea 1, bado paneli. Hesabu saa 4 au 5, ikiwa mpya.