Kawhi ameondoka: nimwambie nini mtoto?

Kutoka: Dada wa Scarborough
Jumamosi, 6 Julai 2019

Wanajumuiya wapendwa, habari za asubuhi.

Naomba ushauri kwa jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na mmoja. Tulihamia hapa Kanada mwaka jana, na Raptors, timu ya mpira wa kikapu ya Toronto katika ligi ya NBA, ndiyo iliyompatia marafiki shuleni. Usiku wa kuamkia leo tumesikia nyota wao Kawhi Leonard anakwenda timu ya Los Angeles Clippers. Mtoto amelia, chai hajaigusa, na anasema yeye na wenzake watazichoma jezi zao namba 2 leo jioni na kurekodi video. Baba yake ametoa pesa nzuri kununua ile jezi na hataki hata kulisikia hilo.

Mimi mwenyewe sijaelewa. Mwezi uliopita tu jiji zima lilikuwa barabarani kumshangilia kwa ubingwa. Anaondokaje hivi hivi, timu isipate chochote? Hawawezi kumzuia? Na wenyeji wanalichukuliaje? Jumatatu kijana anaanza kambi ya kiangazi, sitaki aende na moyo wenye hasira.


Kutoka: Kaka wa Etobicoke
Jumamosi, 6 Julai 2019

Dada, pole sana, na mfikishie kijana pole yangu. Kwangu mimi jambo hili si dogo. Mtoto mgeni anayepata timu mahali ugenini anapata na lugha ya kuongea na wenzake, kwa hiyo timu ikiumia naye anaumia kwelikweli.

Nianze na suala la kumzuia. Hawawezi. Mkataba wake ulimpa hiari ya kuukataa mwaka wa mwisho, uliokuwa na zaidi ya dola milioni 21. Akaukataa, na kuanzia jioni ya Juni 30 akawa mchezaji huru, mwenye ruhusa ya kuzungumza na yeyote. Fikiria mpangaji aliyemaliza mkataba wa nyumba: kodi amelipa, ukuta hakuharibu, mwenye nyumba hana la kumdai. Haki hii wachezaji waliipigania mahakamani. Oscar Robertson na wenzake waliishtaki ligi mwaka 1970, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, na bado ilibidi kungoja hadi 1988 ndipo Tom Chambers akawa wa kwanza kuhama akiwa huru kabisa, kutoka Seattle kwenda Phoenix, timu yake ya zamani isipate fidia. Kabla ya hapo klabu ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho, mchezaji apende asipende.

Raptors walikuwa na faida moja tu. Kanuni zinairuhusu timu aliyopo mchezaji kumpa miaka mitano, wengine mwisho wao ni minne. Kwa Kawhi hiyo ilikuwa takriban dola milioni 190 hapa, na milioni 141 kule. Utasikia watu kazini wakisema amekimbia kodi. Usiwasadiki sana. Ontario kiwango cha juu kabisa ni asilimia 53.53, lakini California nayo inatoza asilimia 13.3 juu ya 37 za serikali kuu ya Marekani. Tofauti hiyo haimtoi mtu Toronto.

Kilichomtoa ni kwao. Amezaliwa Los Angeles, amekulia Moreno Valley, chuo kikuu amesoma San Diego. Hapa hakuja kwa kupenda. San Antonio walimleta Julai 2018, na katika mabadilishano hayo Raptors walimtoa DeMar DeRozan. Kijana wako hakuwepo, kwa hiyo msimulie habari za DeRozan, kwa sababu bila yeye huwezi kuielewa asubuhi ya leo. Alichaguliwa na Raptors mwaka 2009, akakaa misimu tisa, akawa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya timu. Mwaka 2016 alipokuwa huru, alisaini tena bila kuzunguka kwa wengine. Alitaka kumalizia maisha yake ya mpira hapa. Wakampeleka Texas bila kumuuliza, na yeye mwenyewe akaonyesha hadharani kwamba alikuwa ameambiwa kitu kingine.

Hiyo nilifikiri usiku kucha. Anayeipenda timu kwa dhati alipelekwa asikotaka, tukaambiwa ndiyo biashara, tukapiga makofi kwa sababu tulipata nyota mkubwa zaidi. Leo nyota huyo amekamilisha mkataba wake na kuamua mwenyewe aende wapi, na tunamwita msaliti. Siwezi kushika mambo yote mawili. Kama uaminifu ni deni, basi na klabu inadaiwa.

Na sisi wa jumuiya hii, Dada, nani kati yetu hajawahi kupiga hesabu ya kazi yenye mshahara mkubwa mbali na mama, na kazi ndogo karibu naye? Wengi wetu tulichagua mbali. Yeye kachagua karibu, akaacha karibu milioni 50 mezani. Kwa nini tuwe wa kwanza kumtupia mawe mtu aliyerudi kwao?

Kuhusu moto, mwambie hapana, na umweleze sababu. Mwaka 2010 LeBron James alipoondoka Cleveland kwenda Miami, watu walichoma jezi zake mitaani, kamera zikiwaka. Mwenye timu akaandika barua ya matusi usiku uleule. Miaka minne baadaye LeBron akarudi, akapokelewa na mwenye timu yuleyule, na mwaka 2016 akawapa ubingwa wao wa kwanza. Walioonekana kwenye video zile bado wanaonekana.


Kutoka: Ndugu wa Hamilton
Jumapili, 7 Julai 2019

Jambo wote. Mimi mtu wa Lubumbashi, na ninataka kuongeza neno juu ya mtoto wetu Bismack Biyombo, maana wengi hapa wamemsahau.

Msimu wa 2015 hadi 2016 alikuwa Raptors kwa mshahara wa karibu dola milioni 3. Valančiūnas, mchezaji wa kati wa Raptors, alipoumia katika mtoano, Biyombo akaingia badala yake. Mechi ya tatu ya fainali ya Mashariki, dhidi ya Cleveland ya LeBron, alidaka ribaundi 26, yaani mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu, rekodi ya timu. Kwetu watu walikesha kumwangalia. Kiangazi hichohicho akawa huru, Orlando wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne. Raptors wasingeweza kulipa kiasi hicho na kubaki na DeRozan.

Hakuna aliyemchukia. Kila mtu hapa Toronto alisema, kijana amehangaika, apate chake. Sisi wa Lubumbashi tulishangilia kuliko siku ya zile ribaundi. Basi ninauliza, kwa nini Biyombo tulimbariki na Kawhi tunamlaani? Nadhani ni kwa sababu Biyombo hakutuachia pengo kubwa. Hiyo ni hasara yetu. Si kosa lake.


Kutoka: Kaka wa Brampton
Jumapili, 7 Julai 2019

Kaka wa Etobicoke nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe, na naomba mnisikilize.

Mimi simlaumu kwa kuondoka. Namlaumu kwa namna. Mpangaji wako hana deni, sawa, lakini mpangaji mwema hutoa notisi. Soko lilifunguliwa Juni 30. Siku zikapita bila neno, na kila siku wachezaji wazuri wakisaini kwingine. Jumatano helikopta ya televisheni ilifuata gari jeusi kutoka uwanja wa ndege wa Pearson hadi hotelini katikati ya jiji, watu wamesimama kando ya barabara wanapiga picha, wakiamini yumo. Migahawa ilikuwa imejitolea kumlisha bure. Danny Green, aliyekuja pamoja naye kutoka San Antonio, alimngojea hadi dakika ya mwisho, kisha akaenda Lakers. Na muda wote huo, inavyoripotiwa, Kawhi alikuwa akiwashawishi Clippers wamtafutie nyota mwenzake, Paul George wa Oklahoma City, kwanza. Wamempata, kwa kuwatoa Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari na chaguzi tano za raundi ya kwanza, yaani haki za kuchagua wachezaji chipukizi. Biashara kubwa hivyo haisukwi kwa usiku mmoja.

Timu inapomuuza mchezaji inapata kitu. Mchezaji huru akiondoka, wewe unabaki na kiti kitupu, na ukiwa umechelewa sokoni huna hata wa kukikalia. Hilo ndilo linaniuma, na naona nina haki ya kuumia bila kuambiwa sina shukrani. Kwenye gwaride la Juni 17 tulipiga kelele zile za "miaka mitano zaidi" mpaka sauti zikakauka.


Kutoka: Kaka wa Etobicoke
Jumapili, 7 Julai 2019

Kaka, la kungojeshwa nakubali, liliuma, na Green aliumizwa nalo kuliko sisi. Lakini Masai Ujiri, kiongozi aliyeijenga timu hii, alijua hatari hii siku alipomleta mtu mwenye mwaka mmoja tu uliobaki. Alicheza kamari hiyo macho wazi. Na alichokipata ni hiki: mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, tarehe 12 Mei, mpira wa Kawhi unadunda mara nne juu ya chuma cha kikapu halafu unaingia, 92 kwa 90. Hakuna mechi ya saba ya NBA iliyowahi kuamuliwa kwa mtupo wa king'ora, unaoingia muda ukiwa umekwisha, kabla ya hapo. Halafu Milwaukee walituongoza mbili bila, tukawafunga nne mfululizo. Halafu Golden State katika fainali, tarehe 13 Juni, 114 kwa 110. Timu iliyoanzishwa 1995 ilikuwa haijawahi hata kufika fainali. Nyota wetu wa zamani wote walikwenda: McGrady aliondoka 2000, Carter akatoka 2004, Bosh akaondoka 2010, na kabatini hakukuwa na kitu. Huyu wa safari hii ameacha kombe.

Nami najivunia kwamba aliyeipanga timu ile, Masai, mama yake ni Mkenya.


Kutoka: Mama wa Mississauga
Jumatatu, 8 Julai 2019

Wanangu, mmesema vizuri, ila dada yenu aliuliza pia kijana afanye nini. Mimi nimelea wanne hapa, nitajibu hilo.

Mwanangu wa Scarborough, jezi iosheni, ikunjeni, iwekeni kabatini mpaka yeye mwenyewe aitake. Usimlazimishe aivae kambini kuthibitisha ukomavu, na usimkataze akitaka. Usiiuze wiki hii, kwa sababu kila mtu anauza na hamtapata bei ya maana. Wala msikimbilie kumnunulia ya mchezaji mwingine. Ya mwaka huu ni jezi ya ubingwa, thamani yake haiondoki na aliyeivaa.

Kikubwa zaidi, mtoto acheze. Vituo vya burudani vya jiji la Toronto vina mpira wa kikapu kwa watoto, na baadhi ya vituo havitozi chochote. Penye ada, familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba nafuu kupitia mpango wa jiji uitwao Welcome Policy. Ombeni mapema, kabla ya siku ya kuandikisha, kwa sababu kibali huchukua muda, na siku yenyewe nafasi huanza kugawiwa mtandaoni saa moja asubuhi na huisha haraka. Muwe na akaunti tayari usiku wake.

Na msimu ukianza, mleteni huku Mississauga awaone Raptors 905, timu ya Raptors ya kukuza wachezaji. Tiketi zake familia inazimudu. Walichukua ubingwa wa ligi yao mwaka 2017, na Pascal Siakam, Mkameruni wetu, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ile. Fred VanVleet naye alikuwemo. Miaka miwili baadaye wote wawili walikuwa uwanjani Raptors walipotwaa kombe la NBA. Kijana akiwaona wanaotafuta nafasi, kwa karibu, viti vya chini, ataelewa kwamba timu hujengwa hata nyota akiondoka.


Kutoka: Kaka wa Brampton
Alhamisi, 12 Desemba 2019

Habari za siku nyingi, ndugu zangu. Jana nilikuwa Scotiabank Arena, uwanja wa Raptors, Clippers walipokuja, na nimeona nilete taarifa kwa wale walioshindwa kufika.

Kabla ya mechi waliweka video ya kumbukumbu, kisha Kyle Lowry, mchezaji mwenzake wa zamani, akamkabidhi Kawhi pete yake ya ubingwa. Ukumbi wote ulisimama. Nilikuwa nimepanga kukaa kimya, na nikasimama pia. Wapo waliozomea alipogusa mpira mwanzoni, lakini makofi yaliwazidi. Carter alizomewa hapa miaka mingi kabla ya kupewa makofi yake mwaka 2014, kwa hiyo mji umebadilika. Mechi tumefungwa 112 kwa 92, Kawhi akiwa na pointi 23.

Msimamo wangu wa Julai haujabadilika: alitungojesha kupita kiasi. Na mkataba aliosaini kule ni wa miaka mitatu tu, dola milioni 103, wa tatu ukiwa hiari yake, maana yake kule nako ameuacha mlango wazi. Huo ndio utaratibu wake, hakuubuni kwa ajili ya kutuumiza sisi. Hilo nimelielewa. Na timu yetu inacheza vizuri kuliko wengi walivyotabiri, Siakam amesaini mkataba mpya mkubwa tangu Oktoba.

La mwisho, kuhusu tiketi. Kuna watu wanasambaza picha za tiketi kwenye makundi ya simu na kuomba pesa kwanza. Msitume. Tiketi halisi huhamishwa kutoka akaunti ya muuzaji kwenda yako, na mpaka iwe imeingia kwenye simu yako hujanunua kitu. Jana mlangoni nimeona familia nzima ikirudishwa na picha mkononi, watoto wamevaa jezi.

Mama wa Mississauga, shikamoo. Nina nafasi nne kwenye gari kwa mechi ijayo ya 905. Dada wa Scarborough, kijana akitaka kuja, nitumie anwani faraghani.