Vyuo vya Marekani: hivi kweli wanafuatilia kama unakitaka chuo?

Mleta mada: Wakuu salama? Mdogo wangu kamaliza form six anaaplai Marekani, kasikia vyuo vinaangalia kama mwombaji anakitaka chuo kweli au karusha tu maombi kila kona, basi kila siku anawatumia watu wa udahili emaili, mara asante mara nakipenda chuo chenu. Nauli ya kwenda kutembelea hatuna. Inamsaidia au anajiharibia?

Mdau 1: 😂 mwambie apunguze. Inategemea chuo mkuu. Harvard, Yale, Stanford, MIT hawahesabu hicho kitu kabisa, wanajua ukipata utaenda tu. Wanaohesabu ni vile vinavyoogopa kumpa mtu nafasi halafu akaenda kwingine. Agugo jina la chuo na Common Data Set, ile ripoti ya takwimu ambayo vyuo vingi vinatoa, ashuke mpaka kipengele C7, pale chuo kinaonyesha kama interest ya mwombaji inazingatiwa au haizingatiwi.

Mdau 2: Kutembelea asiwaze, wanajua mtoto wa Songea hawezi kupanda ndege aje kuona bweni. Ahudhurie vile vikao vyao vya onlaini, na ajiandikishe kwa emaili ileile ya Common App, ile tovuti ya kutuma maombi vyuo vingi kwa pamoja, ili wamtambue. Ajiandae kukesha maana saa moja jioni New York huku ni saa nane usiku, kipindi cha baridi kwao ndo saa tisa kabisa. Ila nguvu aweke kwenye ile insha ya kwa nini chuo chetu, ataje kozi, maabara, kitu anachotaka kufanya pale, sio mandhari nzuri na walimu bora, hiyo hata chuo cha jirani unakipelekea.

Mdau 3: Kuna early decision pia, yaani kuomba mapema chuo kimoja unachokitaka kuliko vyote, mwisho huwa Novemba mosi au 15 kwa vyuo vingi. Hiyo ndo inaonyesha unakitaka kuliko emaili mia, sababu ukikubaliwa unafungwa kwenda hapohapo, maombi mengine unayaondoa. Msaada wa hela usipotosha unaruhusiwa kujitoa ila nafasi ya kulinganisha ofa huna. Na tusidanganyane, kwa sisi wageni wa kuomba ufadhili, vyuo vingi bajeti ndo inaamua, interest inakuja nyuma sana.

Mleta mada: Asanteni. Kwa hiyo emaili aache kabisa?

Mdau 1: Akiwa na swali ambalo halijajibiwa kwenye tovuti yao aulize. Hana, anyamaze amalizie insha.