SR500 ya 1978 haiwaki, muuzaji anasema tatizo ni betri tu. Nichukue?

KIKI_MOJA:
Wakuu habari za humu. Mimi mgeni kwenye pikipiki za kizee, nimezoea hizi za kubonyeza batani inawaka unaondoka. Sasa nimeonyeshwa Yamaha SR500 ya 1978, tenki bado lina rangi yake ya zamani, siti imechanika pembeni, imesimama kama miaka 4 kwa maneno ya mwenyewe. Kuiwasha hakuiwasha, anasema betri imekufa, eti nikiweka mpya inawaka kiki moja tu. Nikachomoa kijiti cha oili pale mbele ya tenki kikatoka kikavu kabisa, nikashtuka, jamaa akasema we ongeza lita moja basi. Moyo unaitaka kweli ila kichwa kinakataa.

La pili, kuna kundi la wenye hizi mashine nimeingia juzi, swali langu la kwanza nikauliza "hivi SR500 ni nzuri?" mmoja akanicheka, mwingine akajibu "inategemea" basi, kimya. Nikae humo au nisubiri mpaka niwe na yangu?

MZEE_SPANA:
Mdogo wangu hiyo ya betri ni fiksi. SR500 haina stata, haijawahi kuwa nayo, tangu inatoka 1978 ni mguu wako tu. Na moto wa plagi hautoki kwenye betri, ina CDI (kisanduku cha umeme cha kurusha moto wa plagi) inayokula umeme wake kutoka koili iliyo kwenye magneto (kinachofua umeme injini ikizunguka), betri ni ya taa, honi na indiketa. Yangu nimeendesha wiki mbili haina betri hai na ilikuwa inawaka kama kawaida. Kwa hiyo ama jamaa haijui mashine yake ama anaijua sana, na hapo ndo pa kuogopa. Ingekuwa XT500, yule ndugu yake wa kwenye vumbi aliyebeba ushindi wa Paris-Dakar ya kwanza 1979, umeme wake ungekuwa tofauti, ile ni volti 6 na ya platini (swichi ya zamani ya moto badala ya CDI).

Haiwaki kwa sababu gani sasa? Miaka minne imesimama, dau langu naweka kwenye kabureta, petroli ikilala muda wote huo inaacha gundi na kile kijeti (kitundu cha petroli) kidogo cha sailensa, yaani injini ikinguruma bila kuguswa mafuta, ndo kinaziba kwanza. Cha pili ni hiyo koili ya magneto yenyewe, uzee wake unakuja hivi: ikiwa ya baridi inawaka vizuri, ikichemka inakata moto, ukisubiri ipoe inawaka tena, mtu anabadilisha plagi tatu na kabureta zima kumbe tatizo liko nyuma ya kava la kushoto.

OILI USIONGEZE. Narudia usiongeze. Hii mashine oili yake inakaa ndani ya bomba la fremu, sio chini ya injini, na ikisimama muda mrefu inachuruzika taratibu inashukia chini kwenye injini. Kijiti kinatoka kikavu wakati oili yote ipo. Ukimsikiliza huyo ukamimina lita nyingine, siku ikiwaka itatema oili kwenye boksi la hewa uje humu na picha unalia. Inapimwa baada ya kuwaka dakika chache.

DADA_CHENI:
Mzee kamaliza upande wa umeme. Mimi naongezea ya kwenda kuiangalia, maana hiyo safari moja haitoshi, rudi tena.

Ukifika kitu cha kwanza kabla hata ya salamu kuisha weka mkono kwenye silinda. Ikiwa ya moto ujue ameiamsha mapema ili we usione shida yake ya kuwaka baridi, kunywa maji, piga stori, subiri ipoe. Halafu fungua tenki umulike na tochi ndani, kutu ya unga mwekundu inasafishika, kutu ya magamba inakula kabureta lako kila wiki. Nyanyua tairi la mbele hewani uzungushe usukani polepole, ukihisi kama unaingia kwenye kijishimo pale katikati beringi za shingo zimekwisha. Tairi soma zile tarakimu 4 za mwisho, 2309 maana yake wiki ya 23 mwaka 2009, hata kama ina meno kama mpya hiyo ni mbao sio tairi. Namba ya fremu pale shingoni isome kwa macho yako ulinganishe na karatasi, ukiona pamekwaruzwa au herufi zimepinda, geuka uende nyumbani hata kama anakupa bure.

Na jifunze kuipiga kiki kabla hujaenda, usije ukavunjika kifundo mbele ya watu. Iko hivi: sukuma kiki taratibu mpaka igome, vuta kile kimkono kidogo chini ya klachi (kinaachia mgandamizo wa injini), endelea kusukuma kidogo huku unaangalia kidirisha kilicho kichwani mwa injini upande wa kulia, alama ikitokea achia kimkono, rudisha kiki juu kabisa, halafu shusha mguu mzima bila woga na mkono wa mafuta USIGUSE. Wanaopiga nusu nusu ndo inawarudishia teke. Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa natembea nachechemea na lawama zote nilimpa fundi.

NUSU_TENKI:
Mimi nitakuwa mchawi hapa. Pikipiki ya kwanza ya zamani usinunue iliyokufa, nunua inayotembea hata kama mbaya wa sura. Iliyokufa unanunua maneno ya muuzaji.

Kuhusu kundi usisubiri, kaa humo sasa hivi. Ila swali lako la kwanza nalo bana, ni sawa na kumuuliza mtu mtoto wake mzuri. Uliza kitu kimoja, weka mwaka, picha ya karibu isiyotetemeka, sema umeshajaribu nini. Na kubwa kuliko yote RUDI USEME ILIISHAJE. Kule kwetu kuna mabwana wana puller ya magneto (kifaa cha kuing'oa) wanaazimisha kwa posta kabisa, wana orodha za spea zipi zinaingiliana na SR400, ile iliyoendelea kutengenezwa mpaka 2021 kwa hiyo vitu vingi bado vipo, lakini hawamfungulii mtu anayeuliza, anajibiwa, anapotea. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa mpotevu, najua ninachosema.

KIKI_MOJA:
Nimerudi wakuu, nilikwenda jana.

Mkono kwenye silinda, baridi. Nikamwambia muuzaji betri haihusiki na moto, akacheka akasema "aah kumbe unazijua", nikanyamaza kama najua kweli. Tukafungua kabureta pale pale, bakuli la chini limejaa kitu kama asali ya kijani. Nikasafisha kijeti kwa waya mmoja mwembamba (najua, msinipige), petroli mpya, kidirisha, alama, nikashusha mguu. Ya kwanza kimya. Ya nne ikakohoa. Ya saba ikawaka na moshi wa bluu ukatufunika wote, baada ya dakika kama mbili moshi ukaisha. Oili nikapima hapo, IPO, imejaa mpaka alama ya juu.

Tenki lina unga mwekundu kidogo. Namba zimekubaliana na karatasi. Tairi za 2011, nikazitumia kumkata bei na akakatika. Nimeichukua, iko kwenye veranda hapa naiangalia.

Ila sailensa haikai, nikiachia mkono injini inabaki juu muda ndo inashuka. Na juu kichwani kuna mlio tk tk tk.

MZEE_SPANA:
Hongera mdogo wangu. Huo moshi wa kuwasha tu halafu unaisha ni sili za valvu, utaishi nao kwa sasa. Kubaki juu angalia ule mpira kati ya kabureta na injini, ukunje kwa vidole uone kama una nyufa, inavuta hewa hapo. Tk tk ni klirensi (ile nafasi ndogo) ya valvu, pima asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, uje na namba.

DADA_CHENI:
Na siku nyingine waya usiuingize kwenye hicho kijeti tafadhali.