Kwa nini Michael Scott alibadilika?

Swali: Ndugu zangu, nimemaliza kutazama The Office ya Marekani, tamthilia ya vichekesho kuhusu ofisi ya kampuni ya kuuza karatasi, iliyorushwa na NBC kuanzia 2005 hadi 2013. Michael Scott, meneja wa ofisi hiyo, anachukiza katika msimu wa kwanza, ilhali baadaye tunamhurumia. Je, ni yeye aliyekua, au ni waandishi waliobadili nia?

Jibu la kwanza: Naona ni waandishi. Msimu wa kwanza, wenye sehemu 6 tu, ulifuata kwa karibu mno tamthilia asilia ya Uingereza yenye jina hilohilo, iliyoanza 2001. Kuanzia msimu wa pili walimpa Michael upweke unaoeleweka na, mara mojamoja, ustadi halisi wa kuuza karatasi, hata tukaelewa ni kwa nini hajafukuzwa kazi.

Jibu la pili: Nakubali, ila si wote walionufaika. Kevin, mhasibu mzito wa maneno, aliishia kuwa mjinga kupita kiasi kwa sababu sifa moja iliyochekesha ilizidi kukuzwa kila msimu. Steve Carell, mwigizaji wa Michael, alipoondoka 2011, Andy, mmoja wa wauzaji wa ofisi hiyo, alikabidhiwa umeneja, na tabia yake ikayumba vibaya.

Aliyeuliza: Hilo la Kevin linanisikitisha pia. Kwangu aliyekua kweli ni Pam, ambaye mwishoni anathubutu kusema yale ambayo, alipokuwa mapokezi, aliyameza.