Tupeane uzoefu: siku halmashauri ilipokujibu "hakuna fungu"

Boma la Lenta
Wakuu, juzi nimepita kijijini kwetu nikasimama mbele ya boma la zahanati. Mwaka 2013 kila kaya ilitoa matofali 50 ya kuchoma, akina mama wakasomba maji na mchanga, tukalifikisha kwenye lenta kwa makubaliano kwamba halmashauri itapaua. Leo ndani umeota mpapai, na unazaa. Wanaolazwa humo ni mbuzi. Kila bajeti tunaambiwa boma limeingizwa, kila Juni tunaambiwa makusanyo hayakufikia lengo. Nyie wenzangu mlijibiwa hivyo kwenye jambo gani?

Kidawa wa Pwani
Nakazia. Letu lina nyuki.

Shangazi Mkubwa
Umenikumbusha mbali, mwanangu. 2015, mke wa mdogo wangu alishikwa na uchungu, kituo cha afya wakasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe wilayani. Saa saba usiku. Gari la wagonjwa lipo pale pale chini ya mwembe, limeoshwa linang'aa. Dereva akasema, "Mama, gari zima, mafuta hamna. OC ya robo hii haijashuka." Sikujua OC ni mdudu gani, baadaye ndiyo nikaambiwa ni fedha ya matumizi ya kawaida ya ofisi. Nilichojua ni kwamba mgonjwa wangu anauma kanga.

Shemeji zangu wakakimbia kwa vijana wa bodaboda, wakanyonya petroli kwa mpira tenki baada ya tenki, wakaja na dumu la lita kumi, midomo inanuka. Dereva akalinusa. "Hili linakula dizeli." Jamani, nilikaa chini. Ni bibi mmoja aliyekuwa anauguza mjukuu wodini ndiye aliyesema, kwani mashine ya kusaga inatumia nini? Tukamgonga mwenye mashine, akatoka na shuka, hakuuliza mara mbili. Alifungua tenki la mashine yake akatukamulia lita ishirini. Kesho yake watu walirudi na mahindi yao hivyo hivyo, hayajasagwa. Mama na mtoto walipona, namshukuru Mungu.

Vocha ya Mwisho
Pole sana shangazi. Mimi nimekaa ofisi ya mwekahazina miaka 22, niseme na upande wetu kidogo. Halmashauri mnazitukana bure. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 ilitupa vyanzo vya mapato, halafu kila anayetaka kupendwa na wananchi anakata cha kwetu, cha kwake hakigusi. 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. 2016 kodi ya majengo ikahamia TRA, yaani serikali kuu, mwaka uliofuata na ushuru wa mabango. Mwaka huo huo wa 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, mwenye nacho hadaiwi ushuru, tukabaki sokoni tunatazamana na wauza nyanya. Kwenye hicho kilichobaki utoe asilimia 10 ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na walemavu, utenge ya maendeleo, ulipe posho za madiwani, na mwenyekiti wa kijiji anasubiri yake mlangoni. Dizeli ya ambulensi utaitoa wapi?

Mjukuu wa Mgambo
Mzee Vocha, hiyo kodi ya maendeleo unayoililia ndiyo ile ya kichwa? Baba yangu alikuwa analala shambani wiki nzima kumkimbia mgambo. Walibeba baiskeli yetu na kuku watatu. Na zahanati hatukuwa nayo vilevile!

Vocha ya Mwisho
Sijasema irudi. Nimesema ilipoondoka, fidia kutoka Hazina ilikuja kwa masharti na kwa kuchelewa. Soma kwanza.

Mjukuu wa Mgambo
Nimesoma. Kuku hawakurudi.

Mpangaji Sugu
Hiyo ya majengo mimi ninailipa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, na sina hata tofali moja duniani.

Kidawa wa Pwani
Kata kwenye kodi ya pango.

Fundi Saruji
Usithubutu. Utahamishwa kabla tokeni haijaisha.

Geti Namba Mbili
Ngoja na mimi nitapike. Nilikuwa kibarua wa halmashauri, nakusanya ushuru geti la mazao na mashine ya POS. Hiyo tani moja aliyosema mzee Vocha, hamjui ilivyotutesa. Lori linasimama kilomita mbili kabla ya geti, mzigo unavushwa na kirikuu magunia sita sita, wewe unahesabu kwa macho tu. Lengo la mwezi halikupungua hata shilingi.

Sasa jioni moja napigiwa na mkubwa. "Kijana, una shilingi ngapi hapo? Kuna ugeni, gari halina mafuta, toa laki tatu, kesho nakurudishia." Utamkatalia nani? Nikatoa. Wiki ijayo tena, safari hii karatasi na wino wa ofisi. Halafu chakula cha kikao. Zote fedha mbichi, hazijaona benki, na karatasi hakuna. Msimu ukaisha, mfumo ukasoma deni milioni 1.8 kwa jina langu. Mkubwa kashahamishwa, namba haipatikani. Wakaguzi wanaangalia mfumo tu, sura yako hawaijui. Nilikaa mahabusu siku mbili. Mke wangu aliniletea chai kwenye chupa ya mtoto kwa sababu chupa nyingine walizikataa.

Mjukuu wa Mgambo
Milioni 1.8 zote ni za "mkubwa"? Hata elfu kumi hujaionja?

Geti Namba Mbili
Nilikula nauli. Nilikuwa sijalipwa miezi minne.

Fundi Saruji
Duh. Huyu kajibu kiume.

Mama Vikoba
Jamani turudi kwenye mada. Kikundi chetu kilikuwa kwenye foleni ya ile asilimia 10, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima, ikaja kurudi 2024. Katiba ya kikundi tumeichapa upya mara tatu, na katibu kaolewa akahama wilaya.

Shangazi Mkubwa
Wewe Geti, laki tatu ya mafuta ya ugeni ilikuwa mwaka gani?

Geti Namba Mbili
Shangazi sio mimi. Mimi niliingia 2019.

Vocha ya Mwisho
Vijana mnaobaki kazini: hakuna simu inayoitwa hati ya malipo. Akikupigia mwambie aandike. Hataandika.

Fundi Saruji
Akiambiwa hivyo kijana anaondolewa getini asubuhi yake. Mzee unashauri ukiwa na pensheni.

Boma la Lenta
Tumehama kabisa. Mimi nifanyeje na boma langu?

Kidawa wa Pwani
Diwani. Mwaka wa uchaguzi mabati huwa yanaonekana.

Mama Vikoba
Achana na diwani. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, dai wasome mapato na matumizi, uliza ile asilimia 20 ya makusanyo inayotakiwa kurudi kijijini iko wapi. Nenda na watu, usiende peke yako.

Mjukuu wa Mgambo
Vuna mapapai, uza, paua.

Mpangaji Sugu
Ukiuza mapapai geti lipo. Usizidishe tani.

Fundi Saruji
Kabla ya yote ita fundi akague ukuta. Matofali ya 2013 bila paa, ukipandisha kenchi unaweza kuwazika mbuzi. Hapo sitanii.

Kidawa wa Pwani
Shangazi, mwenye mashine ya kusaga alirudishiwa dizeli yake?

Shangazi Mkubwa
Halmashauri aliiandikia barua mbili, wapi! Tukamrudishia sisi ukoo, kidogo kidogo. Lita tano za mwisho alisamehe kwa sharti mtoto apewe jina lake. Mtoto wa kike, na mwenye mashine anaitwa Athumani. Shuleni wanamwita Athumani mpaka leo, na amekuwa mkali kama dizeli yenyewe.